Ndoo ya Mbwa

Jirani alifika getini kwa miguu, midomo imempasuka, vumbi jekundu limemganda kwenye nyusi. Gari lilikuwa limemzimikia nyikani, na nyumba nyingine ilikuwa mwendo wa siku nzima.

Dulcie, mwenye shamba, hakufungua. Ukame uliopita, mtu huyu alikifunga kwa mnyororo kisima cha mpakani mwa mashamba yao, na ng'ombe wa Dulcie wakafa wakilamba birika tupu la kunyweshea mifugo.

"Maji, mama. Tafadhali."

"Leo mimi mama? Si ulikuwa unaniita kibibi kichaa?"

"Nilikosa."

"Kawaambie ng'ombe."

Hata hivyo alijaza ndoo, akaja nayo mpaka kwenye seng'enge. Jirani akanyoosha mkono. Dulcie akaiweka ndoo chini, mbele ya mbwa wake.

Mbwa akaanza kunywa. Jirani akapiga magoti, akaupenyeza mkono chini ya waya. Dulcie alimtazama tu, wala hakuisogeza ndoo, si karibu wala mbali.