Fulana ya Timu Mbili

Adélaïde aliishika ile fulana mpya kwa vidole viwili, kama mtu anayemtoa panya kwenye unga, akairudisha mezani.

"Apana, Mama Mawazo. Hii mi sichukui."

Mawazo alidhani hakusikia vizuri. Adélaïde, jirani yake aliyekuwa muuguzi wa zahanati ya ng'ambo ya mto, hakuwahi kukosa fulana iliyotoka kwenye kibanda chake. Na si yeye peke yake aliyekataa. Wiki nzima wateja walikuwa wakija, wakitazama, wakiguna, wakienda zao.

Biashara yenyewe ilianza kwa mzaha. Mawazo alitoka Uvira, nchi ya jirani, na fremu yake ya kuchapia, akafungua kibanda karibu na soko la Bujumbura, akaanza kuchapa fulana za mashabiki wa mpira. Kuchora hakujua, na hakuona haya kusema hivyo. Akawaambia wateja wachore wenyewe. Basi kila Jumamosi kibanda kilijaa: huyu na mchoro wake kwenye karatasi ya sukari, yule na maneno ya kuwachokoza wapinzani. Walibishana mpaka mate yakawakauka, kisha wakanyoosha mikono, na mchoro ulioshinda ndio uliochapwa. Kwanza ilikuwa Radi, timu ya upande huu wa mto Ntahangwa, fulana za njano. Halafu Mamba, timu ya ng'ambo, za kijani.

Vita vilipoingia mjini, Mawazo alijua biashara imekufa. Mechi zilisimama. Mto ukawa mpaka, na watu wa huku na wa kule wakaacha hata kujuliana hali. Lakini, maajabu ya Mungu, fulana zilizidi kutoka! Hata Mzee Népomuscène, karani aliyeishi ng'ambo na ambaye tangu azaliwe hakuwahi kukanyaga uwanjani, alikuja Jumamosi moja kunyoosha mkono.

"Muchoro wowote ni sawa," alisema. "Lakini mukubwa, mama. Mutu auone akiwa mbali."

Wote waliafiki. Siku hizo hilo halikuwa na ubishi.

Kilichomgusa Mawazo zaidi ni kwamba wengi walinunua zote mbili. Adélaïde alichukua ya Radi na ya Mamba. Népomuscène vilevile. Mawazo alikaribia kulia kwa furaha. Wakubwa wamewagawa watu, alijiambia, mpira unawaunganisha. Hapo ndipo lilipomjia wazo la fulana moja yenye alama zote mbili, radi na mamba, bega kwa bega kifuani. Safari hii hakumwita mtu achore, wala hakuitisha kura. Aulize nini, na jibu ameliona kwa macho yake? Akachapa fulana zote nyeupe alizokuwa amezivusha mpakani Gatumba. Zisipotoka, kibanda kitafungwa, naye atarudi Uvira kukaa kwa mawifi zake, jambo aliloliogopa kuliko risasi.

"Si unazipenda timu zote mbili?" alimwuliza Adélaïde.

"Nazipenda."

"Basi? Si nafuu kwako? Unavaa moja, umemaliza."

Adélaïde aliangalia barabarani kwanza. "We ni mutu wa Uvira, mama," alisema taratibu. "Huwezi jua." Akachukua kapu lake, akaondoka.

Maneno hayo yalimchoma Mawazo. Aliyasikia kama tusi: kwamba yeye ni mgeni tu, mpira wa watu haumhusu. Siku nzima hakula. Lakini biashara haigombi, na ukikataliwa mlango mmoja unabisha mwingine. Huku wameikataa fulana. Huenda ng'ambo wataipokea.

Asubuhi iliyofuata aliivaa mwenyewe, maana biashara ni matangazo. Kulikuwa na manyunyu, akajitanda kitenge juu yake, akajitwika furushi, akashika njia ya mtoni. Kwenye bariyeri ya upande huu, gogo lililofunga barabara, vijana wenye mapanga walimsalimia, wakakisikia Kiswahili chake cha Uvira, wakampisha bila swali. Ndivyo walivyomfanyia siku zote. Hakuwahi kujiuliza kwa nini wengine walikawia pale.

Alipofika darajani manyunyu yalikatika. Mawazo alivua kitenge, akainyoosha fulana kifuani ili radi na mamba vionekane vizuri, akaanza kuvuka. Hofu ya kufunga kibanda ilikuwa imempungua kidogo. Akaangalia chini, kwenye matete ya ukingo wa ng'ambo, mahali ambapo bariyeri zote mbili hazipaoni.

Adélaïde alikuwa pale, na fulana yake ya njano. Mawazo alifungua kinywa amwite.

Adélaïde akaivua ile ya njano, akaifukia ndani ya kapu chini ya vitunguu, akatoa ya kijani, akaivaa haraka. Hatua chache tu kutoka kwake, Mzee Népomuscène, aliyekuwa anakuja upande huu kazini, alikuwa anavua ya kijani na kuvaa ya njano. Walisalimiana kwa sauti ya chini, kama majirani wanaokutana kisimani.

Kisha Adélaïde akapanda hadi bariyeri ya ng'ambo. Kijana mwenye panga hakumwuliza jina wala atokako. Alimtazama kifua tu.

"Huyu wetu," akasema. "Muache apite."

Halafu macho yake yakashuka darajani, yakatua kwenye kifua cha Mawazo.