Kipimo Kililia Kila Nyumba

Kipimo cha mionzi kililia tena. Ilikuwa nyumba ya tatu.

"Haiwezekani," alisema Mhandisi Wagdi. "Nimepoteza kimoja tu!"

Asubuhi ile, kwenye mtaro wa bomba la gesi nje ya kijiji, alifungua kifaa cha kupigia picha maungio ya bomba akakuta kifimbo chenye mionzi hakimo. Kilikuwa kidogo kuliko kidole, kinang'aa kama fedha. Kosa lilikuwa lake. Jana hakuhakikisha kama kimerudi kashani. Mtoto akikichezea ataungua mwili bila kuona moto, na huenda akafa. Wagdi alikuwa na watoto pia, na wazo hilo lilikaribia kumtia wazimu.

"Labda wamekivunja wakagawana," alisema Mzee Shahhat, mkuu wa kijiji. "Hawa ndugu zangu nawajua. Wakiokota king'aacho, basi ni hazina ya mafarao. Kila mtu apate kipande chake."

"Nimewaambia si hazina, ni sumu!"

"Watu wa serikali wa Mambo ya Kale nao husema hivyo hivyo wakija kutunyang'anya, mwanangu. Eti laana."

Na hapo ndipo ilipokuwa shida. Kijijini pale, mgeni akiapa kwamba hakufuata vitu vya kale, ndipo watu huwa na hakika kwamba amevifuata.

Walikuwa wameanzia kwa Hajja Inshirah, aliyeapa kwamba hajaona kitu. Alimvua Wagdi koti kwa nguvu, akalitundika mlangoni, akaleta chai.

"Kunywa," Mzee Shahhat alimnong'oneza. "Ukiikataa chai ya Hajja, hakuna atakayetufungulia mlango."

Wagdi aliinywa ikimuunguza ulimi. Kisha akavaa koti, akawasha kipimo, kikalia papo hapo. Akapekua magodoro, tanuri, hata pipa la unga. Hakuna kitu. Kwa jirani alikiwasha tena, kikalia. Na sasa hapa.

Mzee alisema kweli, basi. Wamegawana.

"Toeni watu!" Wagdi alipaza sauti. "Mtaa mzima! Watoto kwanza!"

Wanawake walitoka wakilaani, wengine pekupeku kwenye baridi ya Januari. Wagdi alimpokea mjukuu wa Hajja Inshirah, kichanga kilichokuwa kikitetemeka, akakiingiza ndani ya koti lake na kukikumbatia kifuani. Akakimbia nacho kuelekea uwanjani, machozi yakimlengalenga.

Nyuma yao, Rawhiya, mama wa mtoto, alimshika mkwewe mkono.

"Mama, wakikipata kwetu je? Si watatufunga?"

"Wakipate wapi, wewe?" Hajja akacheka kimyakimya. "Nimekitia mfukoni mwa koti lake alipokuwa akinywa chai. Watu wa Mambo ya Kale hawapekuani wao kwa wao."