Nukta Mbili

Ukuta mrefu wa sokoni ulibandikwa vigae vya kudaka mawimbi ya simu na kuyarusha, ili mji ujue nani yuko wapi. Wenyeji nao, kwa mazoea yao ya kila sikukuu, wakaupaka chokaa, vigae na vyote, mawimbi yakazibwa.

Ndiyo maana fundi Luhende alikuwa akikwangua kwa kisu, jasho likimtiririka. Mzee Mbaruku, aliyekuwa ameanza kusahau hata jina lake, alitoka asubuhi na simu shingoni, na mpaka alasiri hakuna aliyemwona.

"Vuta subira, mama," fundi alimwambia Bi Sikitu, mke wa mzee, aliyekaa kwenye benchi akitazama ramani kwenye simu yake. "Vigae vingine ni vibovu, vinadanganya."

"Tangu anioe sijajua anakozurura. Leo ukuta ndio unijulishe?"

Chokaa ilipobanduka, nukta ya mzee ikatokea kwenye ramani. Halafu zikawa mbili. Moja ilikuwa mtoni, penye kina. Nyingine ilikuwa pale pale benchini, ubavuni mwa Bi Sikitu.

"Moja ni mwangwi tu," fundi alisema bila kumtazama usoni. "Nakimbilia mtoni."

"Nenda, mwanangu. Mimi nitamlinda huyu wa uongo, asije akapotea naye."

Alicheka peke yake. Nukta ya mtoni haikusogea. Ya benchini ilimjia taratibu, mpaka ikagusana na nukta yake mwenyewe. Kelele za vilio zilipoanza kule mtoni, Bi Sikitu alijivuta hadi mwisho wa benchi, akakusanya kanga yake, akaacha nafasi ya mtu kukaa.