Sale la Shemeji

Ndeanasia alipomwona Kiwelu akiingia uani na tawi la sale mkononi, alicheka kwa hasira. Sale ni mmea wa mipakani, lakini anayekuletea tawi lake anakuomba radhi, na tangu enzi za mababu hakuna anayemkatalia.

"Shemeji, nisamehe," alisema Kiwelu, mwenyekiti wa shamba la umma. "Wanawake wamegoma. Hawashiki jembe mpaka wewe uwaambie."

"Tangu lini haya mapinduzi yenu yakaomba msamaha?"

Ni Kiwelu aliyeleta trekta likang'oa masale yote ili mashamba yawe moja, likapitia na migomba ya Ndeanasia. Mahindi yaliyopandwa pale yalikauka kabla ya kuzaa.

"Masale umeyamaliza kijiji kizima. Hili umelitoa wapi?"

"Kwenye kaburi la kaka," alijibu, macho chini.

Kaburi la mumewe! Ndeanasia alitaka kumtemea mate, akayameza. Alilipokea tawi kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa.

"Nimekusamehe," alisema, kana kwamba anamtukana.

Kiwelu akashusha pumzi. "Kwa hiyo kesho mtakuja shambani?"

Ndeanasia alichukua jembe, akaenda ukingoni mwa uwanja, pale pale ulipopita mpaka wa zamani, akachimba kishimo. Akalichomeka tawi, akalishindilia udongo kwa kisigino.

Halafu akasogea kidogo kwenye mstari ule ule, akaanza kuchimba kishimo cha pili.