Kichocho cha Mzee Mbelwa

Mwaka jana Mzee Mbelwa alipomnong'oneza mkewe kwamba anakojoa damu, Bi Somoe aliangua kicheko. "Kichocho! Umri huo, baba, bado unaoga bwawani na watoto wa shule?" Mzee wa watu akaona haya, hakulitaja tena.

Leo daktari kawaambia ni saratani ya kibofu, nayo imeshapanda hadi nyuma ya jicho lake lililotokeza. Ndiyo inayolisukuma nje.

"Aliwahi kukojoa damu?"

Bi Somoe akafungua mdomo, mumewe akamuwahi. "Hata tone, daktari. Ningemwambia huyu."

Kisha akamgeuzia lile jicho lisilofumba. Bi Somoe, asiyekosa la kusema hata msibani, akashika ncha ya khanga akampangusa chozi. Likaja jingine, akapangusa tena.