Fomu ya Tatu

"Haki ya Mungu, kila neno humo ni kweli tupu," alisema baba mdogo, akiisukuma fomu chini ya kioo cha dirisha, binti na mama yake wakiwa wamesimama kando. "Nikiongopa, nikatwe ulimi."

Karani wa mikopo ya wanafunzi alitoa fomu mbili za zamani, akazipanga ubavu kwa ubavu na hiyo mpya. Ya kwanza ilisema baba wa mwombaji ni baharia, yuko ng'ambo. Ya pili ilisema hajulikani alipo. Hii ya tatu ilisema amefariki.

"Mzee, mtu mmoja hawezi kuwa melini, akapotea, akafa, yote ndani ya wiki tatu."

"Kwani meli hazizami?"

Binti aliinamisha uso. Ya kwanza ilijazwa na huyu baba mdogo, mstaafu ambaye akipotelewa na kuku, mtaa mzima utasikia kachukuliwa na chui. Kwa miaka saba ndiye aliyeleta habari za kaka yake: mara kaonekana bandarini, mara kaoa mwanamke mwenye jino la dhahabu, mara kanenepa hapiti mlangoni. Ya pili binti aliijaza mwenyewe, kwa alivyojua. Alikuwa na miaka kumi na mmoja asubuhi ile mama, jicho limevimba, alipomwambia kwamba baba ameondoka na hatarudi. Ya tatu mama aliijaza jana, bila kumshauri mtu.

Saa kumi dirisha lingefungwa, na nafasi ya binti ya kusomea ufamasia angepewa mwingine. Zilibaki dakika ishirini.

Karani akawaeleza taratibu. Aliye hai lazima atie saini. Asiyejulikana alipo hana kisanduku chake kwenye fomu. Aliyefariki anahitaji cheti. Na kama cheti hakuna, paandikwe mahali alipozikwa, pakakaguliwe.

"Na nani?" aliuliza baba mdogo.

"Polisi na daktari."

Baba mdogo akacheka kidogo, peke yake. Akasema basi warudie ile ya baharia, ilikuwa imekaa vizuri, kosa ni dogo tu la tarehe. Akanyoosha mkono chini ya kioo aichukue ile ya tatu. Mama akaiwekea kiganja juu, asiichukue. Akamgeukia karani.

"Baba akiwa amefariki, mtoto analipiwa yote?"

"Ada, chumba, vitabu," alisema karani. "Miaka yote minne."

"Na mama yake asipokuwepo nyumbani, mnakata?"

"Hatukati, mama."

Binti akamgeukia. "Mama, kwani unakwenda wapi?"

Mama alimnyoosha kola ya blauzi, akampangusa begani vumbi ambalo halikuwepo. Kisha akaomba kalamu. Tarehe ya kifo aliiandika bila kusita, na saa pia, ingawa fomu haikuuliza saa. Penye mahali pa maziko akaandika maneno matano, akayasoma kwa sauti ili karani asikosee.

"Jikoni kwangu, chini ya saruji."

Karani alikuwa ameshaacha kugusa karatasi.

"Watataka kujua kina," mama alisema. "Waambie, shemeji. Wewe ndiye uliyechimba."

Baba mdogo akavua kofia. Alimtazama karani, kisha binti.

"Futi sita," akasema. "Hapana. Nne na nusu."