Dirisha la Mwavita

"Dirisha lianzie hapa," Mwavita akasema, akigusa goti lake.

Mimi ndiye niliyekuwa fundi wao, kule Gashonga. Ukuta wa chumba cha kulala ulikuwa umefika magotini, basi ilibidi waamue: niache nafasi au niendelee na matofali.

Mume wake alicheka. "Maman, unajengea mbuzi mulango? Mzee, panda mpaka juu ya kichwa yake. Babandi benye kuiba batapita wapi?"

"Bandi yangu anapitaka mu mulango," Mwavita akajibu, "na ufunguo iko naye. Kule Bukavu niliruka dirisha, njo maana niko muzima."

Mume alininyang'anya nivo, ile pima maji yangu ya chuma, akampiga nayo mdomoni. Nilisikia jino likivunjika kabla sijaliona. Lilidondoka kwenye saruji mbichi, juu ya tofali la mwisho.

Mwavita hakulia. Aliinama, damu ikimchuruzika kidevuni, akalididimiza lile jino ndani ya saruji kwa kidole gumba.

"Hapa, Mzee."

Nivo ikainuka tena mkononi mwa mume. Mimi nilikuwa nimeshika nyundo.